Kwale: kaunti ya vilima, misitu na bahari kusini mwa pwani ya Kenya

Kaunti ya Kwale iko katika pembe ya kusini-mashariki ya Kenya, mahali ambapo nchi hiyo inakutana na Tanzania na Bahari ya Hindi. Ni mojawapo ya kaunti 47 zilizotambuliwa na Katiba ya mwaka 2010, ambazo serikali zake zilianza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Upande wa kaskazini na kaskazini-mashariki inapakana na Kilifi na Mombasa, magharibi Taita Taveta, na kusini-magharibi Mkoa wa Tanga wa Tanzania. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 8,270, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 866,820.

Makao makuu yake ni mji mdogo wa Kwale, uliojengwa kwenye ukingo wa vilima vya Shimba. Jina la mji huo ni lile lile la ndege kwale, anayejulikana sana vichakani mwa pwani.

Watalii wanaokuja kuogelea hulijua zaidi jina la Diani, ufuo wa mchanga mweupe ulio kusini mwa Mombasa. Madereva wa malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hupita upande mwingine kabisa wa kaunti hiyo: Samburu, Taru na Mackinnon Road, penye vichaka vikavu na vumbi jekundu. Ni vigumu kuamini kwamba Diani na Taru ziko chini ya gavana mmoja. Kati yake pamesimama vilima vyenye misitu, na vilima hivyo ndivyo vinavyoamua mvua inyeshe wapi, maji yapite wapi na watu wapate riziki gani.

Swali la riziki limekuwa zito zaidi tangu Desemba 2024, ulipofungwa mgodi wa mchanga wa titani, uliokuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Kwa wakazi wengi, kufungwa kwake kumerudisha mjadala wa zamani: katika vyote vilivyotoka Kwale kwa karne nyingi, ni kipi kilichobaki Kwale?

Sura ya nchi

Anayetoka ufukweni kuelekea bara hupanda kama anayepanda ngazi nne.

Ya kwanza ni uwanda wa pwani, ardhi tambarare ya mawe ya matumbawe na mchanga, iliyo mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo penye hoteli, vijiji vya wavuvi, mashamba ya minazi na, katika ghuba na midomo ya mito, misitu ya mikoko. Ya pili ni ardhi iliyoinuka kidogo, yenye mchanga mwekundu wa kale, ambako hustawi minazi, mikorosho, miembe na miwa. Ni katika mchanga huo ndimo yalimokuwa madini ya titani.

Ya tatu ni vilima vyenyewe. Safu ya Shimba huinuka ghafla hadi zaidi ya mita 400, nayo imekatwa na mabonde yenye kina na makorongo yaliyofunikwa na miti. Kusini zaidi, vilima vya Mrima na Dzombo vimesimama pekee juu ya tambarare. Asili yake si moja na ile ya Shimba: Shimba ni ya mawe ya mchanga, ilhali Mrima na Dzombo vilitokana na miamba ya moto iliyopanda kutoka ndani ya ardhi.

Ya nne ni Nyika, uwanda mpana unaochukua zaidi ya nusu ya kaunti, kuanzia nyuma ya vilima hadi mpaka wa Taita Taveta. Huko miti ni mifupi na yenye miiba, vijiji vimetawanyika, na mfugo una thamani kuliko shamba.

Mvua na maji

Kwale ina misimu miwili ya mvua: masika, yenye mvua nyingi zaidi kati ya Aprili na Juni, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Pepo zinazotoka baharini hubeba unyevu, na zinapogonga Shimba unyevu huo hupanda, hupoa na kugeuka kuwa mvua au ukungu. Ndiyo maana uwanda wa pwani na vilima hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Nyika iliyo nyuma yake hupata takriban nusu tu ya kiasi hicho.

Mawe ya mchanga ya Shimba hunyonya mvua hiyo na kuitoa polepole kwenye chemchemi na vijito. Msitu hupunguza kasi ya maji na kuzuia udongo usisombwe. Kutoka hapa huanza mito kadhaa, ukiwemo Mukurumudzi unaoishia katika ghuba ya Gazi. Mto Umba, ulio karibu na mpaka, una safari ndefu zaidi: huanzia katika milima ya Usambara nchini Tanzania, huvuka na kuingia Kenya, kisha humwaga maji yake baharini karibu na mji wa Vanga.

Chemchemi za Marere katika Shimba zimeinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni, na visima vya Tiwi huongeza maji kwa ukanda wa kusini. Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko la siku nyingi. Katika vijiji vya Kinango, upande wa Nyika, akina mama bado hutembea mwendo mrefu wakitafuta maji ya mabwawa ya udongo wakati wa kiangazi, ilhali mabomba yanapeleka maji ya kaunti yao mjini. Bwawa kubwa la Mwache, linalojengwa katika eneo hilo la Kinango, limekusudiwa kuongeza maji ya Mombasa na ya Kwale yenyewe. Wakazi watalipima kwa kiasi cha maji kitakachofika kwenye mifereji yao.

Misitu na wanyama

Msitu wa Shimba ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills. Eneo lake, lisilofika kilomita za mraba 200, lina zaidi ya aina 1,000 za mimea, nyingine zikiwa adimu sana duniani. Ni mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, anaishi porini.

Ndovu wa Shimba ni fahari na mzigo kwa wakati mmoja. Hifadhi ni ndogo, mashamba yameizunguka, na ndovu mwenye njaa hajui mpaka. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walikamatwa na kuhamishiwa Tsavo Mashariki ili kupunguza msongamano. Miaka kumi kabla ya hapo, wenye mashamba waliokuwa kwenye njia ya ndovu walikubali kuacha kulima na kuunganisha ardhi yao. Mwaka 1995 ardhi hiyo ikawa hifadhi ya jamii ya Mwaluganje, ambayo wanachama wake hutegemea viingilio vya watalii badala ya mahindi. Mojawapo ya bidhaa zake ni karatasi inayotengenezwa kwa kinyesi cha ndovu. Hata hivyo, mpango kama huo huwa imara pale tu watalii wanapokuja. Mwaka wa utalii mbaya, mwenye shamba hukumbuka shamba lake.

Diani nako, mabaki ya msitu wa pwani yamebaki katikati ya hoteli na nyumba. Humo huishi mbega weusi wenye mabega meupe, na juu ya barabara kuu yamefungwa madaraja ya kamba ili wanyama hao wavuke bila kugongwa na magari.

Kaya: misitu iliyolindwa kabla ya serikali

Kabla ya kuwapo tangazo lolote la serikali, misitu ya Kwale ilikuwa na walinzi wake. Wamijikenda, yaani watu wa miji tisa, husimulia kwamba babu zao walitoka Singwaya, kaskazini mwa pwani, wakakimbilia kusini na kujenga vijiji vyenye boma katikati ya misitu minene ya vilimani. Vijiji hivyo viliitwa kaya. Katikati ya kila kaya ulizikwa fingo, kitu cha siri kilichoaminiwa kuwalinda wakazi, na msitu uliozunguka ulikuwa ngome dhidi ya maadui.

Watu walipohama polepole kwenda mashambani, kaya zilibaki mahali pa maziko, maombi na mashauri ya wazee. Sheria zake ni chache na zinaeleweka: mti haukatwi, hata kuni haziokotwi ovyo, na mgeni haingii bila idhini. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za pwani ya Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia, zikiwemo Kaya Kinondo ya Wadigo na kaya za Waduruma, ambazo ziko Kwale. Mwaka uliofuata mila zinazoambatana na kaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee wanapungua na ardhi inapanda bei.

Kaya Kinondo, yenye ekari zisizofika mia moja karibu na fukwe za Diani, hupokea wageni. Kila anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, na mwongozaji wa kijiji humwonyesha miti ya dawa. Mapato husaidia vijiji vya jirani. Mtu akiutazama ukanda huo kutoka angani, vipande vya msitu mzito vilivyobaki nje ya hifadhi za serikali mara nyingi ni kaya.

Watu na lugha

Wenyeji walio wengi ni Wadigo, wakazi wa pwani na vilima vya Shimba, na Waduruma, wakazi wa Nyika. Wote wawili ni miongoni mwa Wamijikenda. Zamani jamii hizo mbili zilifuata urithi wa upande wa mama, ambapo mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wadigo na sheria za wakoloni kulibadili desturi hiyo, na kesi nyingi za ardhi za karne iliyopita zilizaliwa hapo: nani mrithi, mtoto au mpwa?

Kusini mwa kaunti ni nchi ya Waswahili wa zamani. Wavumba wa Wasini na Vanga huzungumza Kivumba, na Washirazi wa vijiji vya karibu huzungumza Chifundi, lahaja mbili za Kiswahili zisizosikika sana redioni. Wapo pia Wasegeju, Wakamba, Wataita na watu waliotoka sehemu nyingine za Kenya.

Makundi mawili yalisubiri kwa muda mrefu kuitwa Wakenya. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Vizazi vilivyofuata vilizaliwa Kwale bila kitambulisho, na bila kitambulisho hapakuwa na kazi ya serikali, akaunti ya benki wala hati ya shamba. Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na serikali ikaagiza wapewe vitambulisho. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walipata utambuzi kama huo mwaka 2023.

Historia: bandari, mapango na mpaka

Magofu ya Vumba Kuu karibu na Vanga na msikiti wa kale wa Kongo, unaosimama chini ya mibuyu kwenye mdomo wa mto Mwachema huko Diani, yanaonyesha kwamba pwani hii ilikuwa na miji ya Kiislamu karne nyingi kabla ya wakoloni. Watawala wa Vumba walitumia cheo cha diwani, na ushawishi wao ulivuka eneo ambalo leo ni mpaka wa nchi mbili.

Shimoni, kijiji kilicho kwenye rasi inayotazamana na kisiwa cha Wasini, kilipata jina lake kutokana na mapango ya matumbawe yaliyo chini yake. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba watumwa waliotekwa bara walifungiwa humo wakisubiri majahazi ya kuwavusha. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga masoko ya watumwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar, lakini biashara ya siri iliendelea kwa miaka kadhaa. Leo mapango hayo yanasimamiwa na wanakijiji, na viingilio vya wageni hutumika kwa mahitaji ya kijiji.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari wa kugawana maeneo ya ushawishi wao Afrika Mashariki. Mstari huo ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba na kuelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Viktoria, ukiuzunguka mlima Kilimanjaro. Wadigo, Wasegeju na Wavumba walijikuta wamegawanywa pande mbili. Mpaka wa leo kati ya Lunga Lunga na Horohoro ni matokeo ya mkataba huo, na jamaa wa ukoo mmoja bado huhudhuria arusi na misiba ng'ambo ya mpaka.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888, iliweka ofisi Shimoni. Serikali ya Uingereza ilipochukua utawala mwaka 1895, ilikabiliana na upinzani wa Mbaruk bin Rashid, mkuu wa Mazrui wa Gazi. Ukoo huo ulikuwa umehamia kusini baada ya kunyang'anywa Mombasa na Sultani mwaka 1837, na Mbaruk alikuwa amekwisha kupigana na masultani mara kadhaa. Ngome yake ilikuwa Mwele, ndani ya misitu ya vilima, na msitu huo ndio uliokuwa silaha yake kubwa. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Mwele Agosti 1895. Mapigano yaliendelea hadi mwaka uliofuata, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Ukoloni uliacha jeraha moja ambalo halijapona: ardhi. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza hadi mwaka 1963. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ayasajili. Wakulima wengi wa Kimijikenda, waliomiliki ardhi kwa desturi na si kwa karatasi, hawakupata hati. Wengi waliishia kuitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Manung'uniko hayo, yakichanganywa na siasa za uchaguzi, yalichangia ghasia za Agosti 1997 zilizoanzia Likoni na kusambaa hadi Kwale, ambapo watu wengi waliuawa na maelfu kukimbia makwao.

Uchumi: mnazi, miwa na bahari

Familia nyingi huishi kwa kilimo. Mnazi ni mti wa kila kazi: nazi ya mchuzi, dafu la kuuza barabarani, makuti ya kuezeka, na tembo la kunywa kwa wasiokatazwa. Korosho na maembe huleta fedha za msimu. Zao lisilojulikana sana mahali pengine ni bixa, au mzingefuri, ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu ya kutia katika vyakula. Upande wa Nyika, Waduruma hufuga ng'ombe na mbuzi, na ukame wa miaka mfululizo huweza kumaliza zizi la maisha mazima.

Miwa imekuwa na hadithi ya kupanda na kushuka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanzishwa katika miaka ya 1920, kilifungwa mwaka 1988, na eneo zima lililokitegemea likabaki bila ajira. Wakazi waligawana mashamba yaliyoachwa na kupanda mahindi na minazi. Kilimo cha miwa kilipofufuliwa na mwekezaji mwingine katika karne hii, swali la nani mwenye ardhi lilirudi na kufika mahakamani.

Utalii ulianza kukua Diani baada ya uhuru na sasa ndio mwajiri mkubwa wa ukanda wa pwani. Kusini zaidi, Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti huvutia wageni wanaokuja kuona matumbawe na pomboo, na wanawake wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na mikoko, ambayo wageni hulipia ili kupita. Udhaifu wa utalii ni kwamba husikia haraka kila habari mbaya: uchaguzi wenye fujo, shambulio la kigaidi au janga kama la virusi vya korona, na vyumba hubaki vitupu.

Uvuvi hufuata upepo. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na ngalawa hufika mbali. Wakati wa kusi mawimbi huwafunga wavuvi wadogo karibu na miamba. Serikali imekuwa ikijenga bandari ya uvuvi Shimoni kwa matumaini kwamba samaki wa bahari kuu, wanaovuliwa sasa na meli za kigeni, watashushwa nchini. Huko Kibuyuni na vijiji vya jirani, wanawake hulima mwani kwenye kamba zilizofungwa kwenye maji mafupi, kilimo kilichojulikana zaidi Zanzibar. Sehemu ya mwani huo huuzwa nje, na nyingine hugeuzwa kuwa sabuni.

Mgodi uliokuja na kuondoka

Madini ya titani ya Kwale yalikuwa katika mchanga wa Maumba na Nguluku, karibu na Msambweni. Mamia ya familia zilihamishwa kupisha mgodi, na baada ya miaka ya mabishano juu ya fidia, kampuni ya Base Titanium, iliyomilikiwa na Waaustralia, iliujenga na kuanza uzalishaji mwaka 2013. Shehena ya kwanza iliondoka kupitia Likoni mapema 2014.

Mchanga ulibomolewa kwa mabomba ya maji yenye nguvu, ukatenganishwa kwa mizunguko ya maji, kisha kwa sumaku na umeme, hadi yakapatikana madini matatu: ilmenaiti, rutili na zirkoni. Mawili ya kwanza hutengeneza rangi nyeupe inayotiwa katika rangi za kuta, plastiki na dawa za meno. La tatu hutumika katika vigae. Kwa miaka kumi na moja mgodi huo ulitoa sehemu kubwa ya madini yaliyouzwa na Kenya nje ya nchi na kuajiri zaidi ya watu elfu moja.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii iliyo karibu na mgodi. Lakini fedha za kaunti na jamii zilicheleweshwa kwa miaka, na madini yakaisha ardhini kabla ya mabishano kuisha mezani. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma. Zimebaki ardhi inayorudishiwa udongo na miti, bwawa lililojengwa kwenye mto Mukurumudzi, na mjadala kuhusu nani akabidhiwe ardhi hiyo.

Mjadala wa Kilima cha Mrima ni mgumu zaidi. Ndani yake kuna niobi na madini adimu yanayotafutwa na viwanda vya vifaa vya elektroniki. Juu yake kuna msitu wa hifadhi na kaya. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni moja ya kigeni iliyotaka kuchimba. Kampuni hiyo ilishtaki mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa hoja kwamba leseni haikufuata masharti ya sheria, yakiwemo ya mazingira. Kesi imekwisha, lakini madini yako palepale, nayo nchi kubwa zinaendelea kuyataka.

Mapato ya mti uliosimama

Karibu na mahali mto Mukurumudzi unapoingia baharini, wakazi wa Gazi na Makongeni wamechagua njia nyingine. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza katika soko la kimataifa hati za kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Wanakijiji huamua matumizi ya fedha hizo katika mikutano ya hadhara, na kipaumbele kimekuwa maji na shule. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata baadaye kwa eneo kubwa zaidi. Fedha hizi ni ndogo mno zikilinganishwa na za titani. Tofauti ni kwamba hufika kijijini, na mti uliolipiwa mwaka huu utakuwepo mwakani.

Barabara na utawala

Kwa miaka mingi njia ya kwenda Kwale ilipita kwenye kivuko cha Likoni, na msafiri hakuweza kujua angesubiri kwa muda gani. Ajali ya kivuko cha Mtongwe, kilicho upande huo huo, iliua watu 272 mwezi Aprili 1994, na bado hukumbukwa. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja marefu juu ya mikono ya bahari, ilianza kutumika kwa urefu wake wote mwaka 2024, na sasa gari linaweza kutoka bara hadi Diani bila kupanda kivuko. Kusini, barabara kuu hufika Lunga Lunga na kuendelea hadi Tanga na Dar es Salaam. Kaskazini, barabara ya Nairobi na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 hupita Nyika.

Kaunti ina maeneo bunge manne: Matuga, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga. Gavana wa kwanza alikuwa Salim Mvurya, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022. Aliyemfuata, Fatuma Achani, ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana katika kaunti za pwani.

Serikali hiyo ina mambo mengi mezani kwa wakati mmoja: ardhi ya mgodi, bandari ya Shimoni, bwawa la Mwache na hatima ya Mrima. Yote manne yanategemea vilima na bahari, na katika yote manne wakazi wanauliza lile lile waliloliuliza Ramisi ilipofungwa na titani ilipokwisha. Barabara mpya inarahisisha kuingia Kwale, na inarahisisha vilevile kutoka na mali yake. Maji ya Shimba yatazidi kutiririka kwenda mjini maadamu msitu upo; kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba wanaoulinda nao wanakunywa.